Mwaliko Uliobandikwa Mlangoni

Bi. Mwatumu mpendwa,

Naomba msaada, na hilo neno "naomba" ujue nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, maana mkono wangu umezoea kutoa na haujazoea maneno ya namna hiyo. Safu yako naisoma kila toleo nikiwa kwenye gari nasubiri wagonjwa, nacheka peke yangu unavyowachamba wanaume wenzangu, na sikujua kama iko siku nami nitapanga foleni hiyo hiyo. Jina langu usiliandike. Niite Anatoli, jina la marehemu babu yangu, yeye hadaiwi na mtu.

Nijitambulishe kidogo ujue unaongea na nani. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, kwa hiyo mengine sina haja ya kueleza. Shule niliishia kidato cha pili, sikufukuzwa, niliona tu walimu wananichelewesha. Nimelala Dubai, nimelala Istanbul, Johannesburg nimekula chakula cha mchana na mtu ambaye baadaye alikuja kuwa waziri, simtaji. Kiingereza nimekiokota kwa kubishana na maofisa wa viwanja vya ndege, ndiyo maana changu kina nguvu. Na hapa kwetu, kuanzia Germantown, Maryland, mpaka ndani ya Washington DC, hakuna Mtanzania, na Wakenya wengi tu, aliyeoa au kuolewa au kufiwa bila sauti yangu kuwepo. Sendofu, harusi, kipaimara, msiba, mimi ndiye MC. Spika ni zangu mwenyewe, na zinapanda ngazi kwa mabega ya watu wanne.

Kazi yangu ya kila siku ni kuendesha gari la kampuni, nawapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Wananipenda mno. Kuna mama mmoja Mmarekani mweusi, Miss Audrey, anasema nikimchekesha njiani anafika kwenye mashine ameshapona nusu.

Sasa nyumba. Ni nyumba ya ghorofa tatu hapa Germantown, imeungana ukuta na majirani lakini mlango wake ndio uliopakwa rangi nzuri kuliko yote kwenye mstari, mwekundu, nilichagua mwenyewe. Tuliinunua mke wangu Irene akiwa mgeni hapa, hana historia yoyote ya mkopo, kwa hiyo mkopo ukawa kwa jina langu peke yangu, ila umiliki tukaandikwa wote wawili. Irene anahudumia wazee, shifti za usiku, ananunua chakula na kulipa umeme na maji, na mimi nikamwambia, mama, wewe la nyumba usiliwaze, nyumba ni kazi ya mwanaume, akaniamini, na ameendelea kuniamini mpaka asubuhi ya leo ninapoandika. Chini kwenye besimenti anakaa mama yake. Mama mkwe ana mgomba kwenye ndoo, sijui nani alimpatia chipukizi nchi hii, kipindi cha baridi anauingiza ndani na kuusemesha Kihaya, joto likija anautoa uani. Alipofika mara ya kwanza aliupapasa ukuta akaniuliza, "Baba, hii yote ni yenu?" Nikasema, "Yote, mama, mpaka moshi wa jikoni." Ukweli ni kwamba wakati huo yetu ilikuwa labda choo na nusu ya ngazi, nyingine ya benki, lakini mama mkwe humwelezei mambo ya benki.

Mambo yalianza kampuni ilipopoteza mkataba mmoja mkubwa, wakatukata masaa, mimi nikabaki na kama nusu. Nikamwambia Irene nimeamua kupunguza shifti mwenyewe, mwili unataka kupumzika. Akafurahi. Aliniwekea maji ya moto ya kukanda miguu.

Halafu akafa Kamande. Huyu alikuwa Mkenya wa Silver Spring, fundi bomba, mtu wa watu, akaanguka kazini, na kwao wakataka mwili urudi. Wakaniita. Wewe, Bi. Mwatumu, ni mtu wa hapa, unajua sisi tunavyofanya, MC haombi watu watoe kabla hajatoa yeye, MC anafungua na mfuko wake mwenyewe, hapo ndipo wenye vitambi kule nyuma wanaona aibu na kuinuka. Nilishika maiki, nikamtazama mjane, nikataja kiasi. Ni kiasi kile kile nilichotakiwa kulipia nyumba mwezi ule, nilikuwa nacho kwenye akaunti, kimekaa kinanisubiri. Watu wakapiga makofi, na baada yangu wakainuka kama moto wa nyasi, Kamande akasafiri akiwa ndani ya sanduku zuri. Sijuti Kamande kwenda kwao. Nasema tu kwamba mwezi uliofuata ilikuwa harusi, na uliofuata tena msiba, na kila mara nikashika maiki nikiwa mtu yule yule wa zamani mwenye masaa kamili.

Benki wakawa wanapiga simu. Ile namba nikaiandika kwenye simu yangu "Shangazi", ili Irene akiona inaita asiulize.

Siku moja njiani nikamtania Miss Audrey kwamba benki wananipenda kuliko mke wangu, wananipigia kutwa nzima. Hakucheka. Akasema, "Anatoli, umechelewa miezi mingapi?" Nikajaribu kuzungusha maneno, akaninyooshea kidole kwenye kioo cha dereva. Akaniambia mume wake alipofariki na yeye nyumba ilitaka kumtoka, akaenda kwenye ofisi ya kaunti ya kushauri watu wenye madeni ya nyumba, ni bure, walikaa naye mezani wakapanga kila kitu, wakaongea na benki kwa niaba yake. "Wapigie leo," akasema. "Usiposhuka hapa na kupiga, sishuki na mimi." Mgonjwa wa figo ananigomea ndani ya gari, Bi. Mwatumu. Nikapiga. Wakaniuliza lugha, nikasema Kiswahili, wakasema yupo mtu wa Kiswahili, nikafurahi, nikajua atakuwa Mkongo fulani asiyenijua, nitamwaga yote nitoke zangu.

Siku ya miadi mlango wa ofisi yao ukafunguliwa, akatoka binti ana kitambulisho shingoni, akabaki mdomo wazi. "Anko MC! Shikamoo!"

Alikuwa Edah. Edah ambaye sendofu yake niliiongoza mimi, ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama jikoni, nikamliza mama yake, nikamliza mpaka mpiga picha, na friji la kuanzia maisha nikalitangaza mimi kwamba limetoka kwangu na Irene.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na hapo hapo nikasikia yule mtu wa maiki anaingia mwilini mwangu na kufunga vifungo vya koti.

"Karibu anko, kaa. Umemsindikiza mtu?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

Akavuta kiti chake karibu, akasema kwa upole, "Vizuri umekuja. Wengi wanakuja nyumba imeshakwenda." Akafungua kompyuta. "Mshahara nauona hapa, umepungua sana."

"Nimepunguza mwenyewe."

"Sawa. Kuna kingine kinachoingia?"

"Mwanangu, MC mzima unamuuliza kama kuna kingine?" Nikamtajia malipo ya kila wikiendi, kiasi cha mtu anayeimbisha mabilionea. Wewe unajua, mimi nalipwa sahani ya pilau, soda, na Mungu akubariki.

"Na Bukoba?"

"Nina nyumba ya kupangisha. Imejaa wapangaji." Nyumba ile haina paa. Wapangaji ni mbuzi wa jirani, na hawajawahi kulipa.

Akaacha kuandika. "Anko, hapa siyo ukumbini. Nikiandika hivi benki itasema unacho, ila hutaki kulipa. Niambie kama ilivyo."

"Andika."

"Na michango je? Misiba, harusi, watu wa nyumbani unaowatumia? Hayo nayo ni matumizi, tuyaweke yaonekane."

"Hizo ni hela za vocha tu, usijaze karatasi bure."

Aliniangalia namna ambayo mpaka leo sijapata jina lake. Nikatia saini. Nikamwachia kichekesho kimoja cha bwana harusi na mbuzi, akacheka kwa adabu, nikatoka. Kwenye ngazi nikakuta shati limelowa kama nimebeba spika zote peke yangu.

Jibu la benki likaja kama alivyosema Edah, kwamba kipato changu kinatosha, kwa hiyo hawapunguzi wala hawapangi upya, nilipe yote niliyochelewa. Edah akapiga simu. Sikupokea. Akaacha ujumbe, "Anko, bado tunaweza kurekebisha, njoo tu, usiogope." Neno la mwisho lile ndilo lililoniudhi. Mimi, niogope!

Wiki iliyopita nikarudi kutoka kazini mapema, sasa kila siku ni mapema, nikakuta makaratasi mengi yamebandikwa kwenye ule mlango wangu mwekundu kwa utepe. Nimesoma ukurasa wa kwanza tu, benki wamefungua kesi mahakamani ya kuiuza nyumba. Nikayabandua. Nikageuka, mama mkwe amesimama dirishani na ndoo yake.

"Baba, yule mzungu kabandika nini?"

Bi. Mwatumu, kinywa changu hakiniombi ruhusa. Nikasema, "Mwaliko, mama. Kuna shughuli kubwa ya wazungu, wanataka nikawe MC wao."

Mama mkwe akapiga vigelegele pale pale. Irene alipoamka akaelezwa kabla hajanawa uso. Alinikumbatia akanambia, "Nilijua iko siku watakuona." Kesho yake, kabla ya kulala, katoka kazini na miguu imevimba, akapitia dukani akaninunulia tai. Ya hariri, rangi ya zambarau. Imetundikwa kwenye mlango wa kabati, kila akiingia ananiuliza, "Shughuli lini?" Nami nasema bado wanapanga ukumbi.

Na sasa kaja mtu anaitwa Mark. Kanipigia yeye, simjui, kajua jina langu na namba ya nyumba na kwamba nina kesi. Ananiita ndugu yangu. Anasema mimi na Irene tumwandikie nyumba jina lake kwa muda, yeye atamalizana na benki, sisi tutabaki humo humo tunamlipa kodi ndogo, tukisimama vizuri anaturudishia. Jumamosi hii anakuja na mtu wa mihuri wa kushuhudia saini. Anahitaji saini ya Irene pia kwa kuwa umiliki ni wa wote. Nimefikiria nimpe Irene asaini akitoka shifti, ana usingizi, nimwambie ni makaratasi ya bima.

Nimefikiria pia kuitisha mchango. Halafu nikajiuliza, nani atashika maiki? Nimewachangishia wote, nikaona sura zao zote wakati wanapochangiwa, jinsi mtu anavyokaa kwenye kile kiti cha mbele na mikono yake mapajani. Siwezi kukaa kwenye kiti kile.

Niambie, nisaini kwa Mark tumalize? Au nirudi kwa yule mtoto nikamwambie kwamba anko wake ni muongo? Na Irene nimwambie nini, na aanzie wapi kunichukia?

Ni mimi, MC wa Germantown.

JIBU

Kaka yangu Anatoli,

Jibu hili nakutumia leo kwenye simu, gazetini litatoka baadaye na majina yote nimebadilisha, kwa sababu Jumamosi yako haisubiri kiwanda cha kuchapa.

Nianze na huyo Mark. Usisaini. Usimfungulie mlango, usimkaribishe chai, usimwambie utafikiria. Akipiga tena, kata. Unashangaa kajuaje habari zako? Kesi ikishafunguliwa mahakamani jalada linaweza kutazamwa, na wapo watu kazi yao ni kupekua majalada hayo na kuwapigia simu walioshikwa na hofu. Mtu anayetaka umwandikie nyumba ndipo akuokoe anachotaka ni nyumba. Ukishaiandika kwa jina lake, mkopo utabaki kwa jina lako, kodi utamlipa yeye, na siku akichoka na wewe atakutoa kama mpangaji yeyote. Huko kurudishiwa unakoahidiwa kwa simu, mwambie akuandikie uone.

Sasa la Irene na makaratasi ya bima. Kaka, barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nilipofika hapo. Mwanamke kakesha kugeuza wazee wa watu, anarudi macho yanafumba, na wewe umsainishe nyumba yake kwa kumdanganya? Siitafutii jina la kuipunguza. Ni wizi, na unayemwibia ndiye aliyekuwekea maji ya kukanda miguu. Nashukuru uliliandika kabla hujalifanya. Nadhani uliliandika ili nikutukane, basi hesabu nimekutukana, tuendelee.

Hayo makaratasi uliyoyabandua yatoe ulikoyaficha uyasome yote, si ukurasa wa kwanza. Katika kesi za namna hii hapa Maryland huwa kuna fomu ya kuomba mkae mezani na benki mbele ya mpatanishi, na ina tarehe ya mwisho. Ikipita imepita. Mimi si mwanasheria, tarehe zako sizijui, anayeweza kuzisoma na kukuambia leo umebakiwa na nini ni Edah, na ndiyo maana utakwenda kwake kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, na makaratasi yote mkononi.

Unajua nini kilichoniuma kuhusu Edah? Si uongo wako. Ni lile swali lake la michango. Fikiria ungekaa mbele ya mshauri mwingine, mtu mwema kabisa, lakini hajui MC anafungua na mfuko wake, hajui mwili wa Kamande unasafirishwa na nani, hajui Bukoba kuna watoto wa marehemu kaka yako wanaosoma kwa ajili yako, maana nina hakika wapo, wanaume kama wewe huwa wapo nao. Huyo asingekuuliza. Angeona pesa zimetoka akadhani umezinywea. Kaunti imekuwekea pale mtu mmoja anayejua jambo hilo bila kuelezwa, akalitaja kwa jina, akakufungulia mlango, na wewe ukamwambia ni hela za vocha. Ulikimbia msaada kwa sababu msaada wenyewe ulikuja ukiwa na sura ya mtu wa kwenu.

Wewe ulidhani anakupima. Yule binti anaona watu wazima wanalia kila siku kwenye kiti ulichokalia, wenye digrii na wasio nazo, manesi, wachungaji, watu wa ubalozi. Hatakusimulia kwa mtu. Mimi mwenyewe sikumpigia, na ningempigia asingeniambia hata kama anakufahamu. Alisema usiogope kwa sababu alikuona unaogopa. Na ulikuwa unaogopa, kaka. Hata hapa unaogopa, hizo Dubai na Istanbul umezipanga mlangoni kama walinzi.

Kwa hiyo kesho akikwambia shikamoo anko, itikia marahaba, kaa, halafu mwambie hivi: malipo ya u-MC ni pilau, nyumba ya Bukoba haina paa, na nilichotia saini si kweli, nataka kukisahihisha kwa maandishi. Anza na hilo, kabla hajafungua kompyuta. Saini yako iko kwenye taarifa isiyo sahihi, na ni afadhali uisahihishe wewe kuliko mwingine aigundue. Kisha mpe kila kitu, masaa uliyokatwa, michango, wa nyumbani, mpaka petroli ya kubebea spika.

Sikuahidi kitu. Nisingekuwa rafiki yako kama ningekuahidi. Huenda ukisema ukweli wote benki ikakubali kupanga upya mkopo, huenda ikaonekana kwamba kwa masaa uliyonayo nyumba hiyo haibebeki tena. Ikiwa hivyo, Edah atakueleza namna ya kuiuza ninyi wenyewe kabla haijauzwa juu ya vichwa vyenu, muondoke na chochote kilicho chenu, mkapange chumba mahali ambapo dirisha linapata jua la kutosha mgomba mmoja. Hilo nalo ni la kusikitisha, najua. Mlango mwekundu atauchagulia mtu mwingine rangi. Lakini mtaondoka kwa miguu yenu na vitu vyenu vikiwa ndani ya masanduku.

Nakwambia hivi kwa sababu namkumbuka mwenzetu mmoja wa Columbia Heights, zamani kidogo, naye alikuwa mcheshi, naye hakutaka mke ajue. Mke alirudi kutoka kazini akakuta cherehani yake iko kando ya barabara, inanyeshewa, na kitasa kimebadilishwa. Nilikwenda kumsaidia kubeba. Njia nzima hakuzungumzia nyumba. Alirudia neno moja tu, "Angeniambia ningefunika cherehani."

Sitaki Irene naye aseme hivyo kuhusu kitu chochote.

Mwambie leo. Kama bado amelala baada ya shifti mwache alale kwanza, ashibe usingizi, usimshike kwenye uchovu kama ulivyotaka kufanya na yale makaratasi. Akiamka mpe chai. Iondoe ile tai kwenye mlango wa kabati, iweke mezani kati yenu, umwambie hakuna shughuli ya wazungu, umwambie ni nini kilichobandikwa mlangoni. Umeuliza aanzie wapi kukuchukia. Hilo mwachie yeye, atachagua mwenyewe, na huenda akachukua muda mrefu kuliko unavyopenda. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo. Mwombe jambo moja tu, akusindikize kwa Edah, kwa sababu nyumba ni yake pia na amekwisha kaa gizani vya kutosha. Mama mkwe mwachie Irene, ni mama yake, atajua kwa lugha gani.

Kuhusu mchango, usiitishe sasa, kwanza ujue kutoka kwa Edah unahitaji nini na kama kuna la kuokoa. Na maiki sikukatazi, watu wataendelea kuoa na kufa na sauti yako tunaihitaji. Ila anayefungua mfuko kuanzia leo awe mwenyekiti wa kamati. Akikukodolea macho, mwambie Mwatumu wa Silver Spring amekataza. Mimi nitakuja kusimama kule nyuma na kitambi changu.

Jambo la mwisho. Barua yako haikuishia pale msomaji alipoiona imeishia. Baada ya kuuliza Irene aanzie wapi kukuchukia, uliongeza kichekesho, kirefu, cha mzee na mtoza ushuru, na nakiri kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nimekikata. Leo ukimaliza kusema na Irene utasikia kinakupanda kooni, kile au ndugu yake. Kimeze. Mkae wote wawili kimya, hata kama kimya hicho kitakuumiza.

Hicho nilichokikata sikukitupa, ninacho hapa. Mtakapotoka kwa Edah pitieni kwangu mkichukue, umsimulie Irene mwenyewe, akiwa tayari.

Dada yako,
Mwatumu